Mtunza stoo mmoja hatoshi



Najua nimekuwa kimya muda mrefu hapa kibarazani, na wapo walioanza kuulizana kama nimeshikwa, nimeoa tena au nimekufa. Sijashikwa, sijaoa tena, na anayeandika si mzimu. Ni kazi tu, na uvivu kidogo. Nilipanga nirudi na picha za ufukweni, lakini picha zitasubiri. Leo nina hasira, na nimeona afadhali niandike kuliko kurekodi sauti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, maana sauti watu wanaisikiliza nusu, halafu wanaijibu nusu hiyohiyo.

Wakubwa wote, shikamooni. Shikamoo Baba Mdogo, maana ni wewe hasa nitakayebishana nawe leo. Naomba radhi mapema. Mtoto hambishii mzazi hadharani, hilo umenifundisha mwenyewe. Lakini na wewe ulisema hadharani, mbele ya watu arobaini na tatu waliomo kwenye kundi, na marehemu hana simu ya kujibu.

Kwa ambao hamna habari: mpwa wangu, yule mtoto wa Dada mwenye miwani, amepata nafasi Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo, kusomea usafirishaji na ugavi. Anataka baadaye ajikite kwenye vipuri vya ndege. Basi Jumapili iliyopita mkakaa kikao Morogoro. Kikao kikaona kijana ana kichwa kizuri, asikipoteze stoo. Kiuzwe kiwanja cha Kihonda alichoacha Baba, kijana aje huku Bondeni asomee urubani, na pesa zikipungua "mjomba wake yuko Durban, ni afisa ugavi, atamalizia". Kisha Baba Mdogo ukafunga kikao kwa kusema: "Ukoo huu umeshatoa mtunza stoo mmoja. Inatosha."

Nimeirudia sauti hiyo mara nne. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya nne nilizima simu nikaenda kukaa nje.

Sasa naomba nijibu. Ila kabla ya kumtetea Baba nina jambo langu la kuungama.

Mimi si afisa ugavi. Sijawahi kuwa. Nilipofika hapa mwaka 2003 nilikaa miezi bila kazi, na siku moja Mama akanipigia akauliza nafanya nini. Nikamwambia nipo kwenye mambo ya ugavi. Halikuwa uongo kabisa, maana asubuhi hiyo nilikuwa nimesukuma mkokoteni wa viazi. Mama akamwambia Shangazi, Shangazi akawaambia wa kanisani, na kufika Krismasi nilikuwa tayari na ofisi na dereva. Nikaona aibu kurekebisha. Miaka imekwenda.

Kazi yangu ni hii. Kwa wasiopajua, Warwick Junction ndipo Durban nzima inapobadilishia magari: stesheni ya treni ya Berea, vituo vya mabasi, na teksi, yaani daladala zao, za kutoka kila kona. Hesabu inayotajwa siku zote ni kwamba watu wapatao 460,000 wanapita hapo kwa siku. Chukua Kariakoo mkesha wa Idi, ifanye iwe kila siku, halafu pitisha barabara za juu vichwani mwa watu. Katikati ya msongamano huo kuna masoko yaliyobanana: soko la mboga liitwalo Early Morning Market, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1910, soko la dawa za asili lililowekwa juu ya madaraja ya barabara kuu ambayo haikumaliziwa, wauza shanga, wachemsha mahindi, na akina mama wanaopika vichwa vya ng'ombe, nyama ambayo Wazulu tangu zamani waliihesabu kuwa ya wanaume, ikipikwa sasa na wanawake wanaosomesha watoto kwayo.

Wengi wa wafanyabiashara hawa hawana duka la kufunga. Meza ikishafungwa jioni, mzigo lazima ulale mahali, na alfajiri urudi mezani kabla teksi za kwanza hazijamwaga watu. Kati ya meza na mahali mzigo unapolala yupo mtu na mkokoteni. Huyo ndiye nilikuwa mimi kwa miaka tisa. Leo nimekodi chumba cha chini ya jengo moja, nahifadhi mizigo ya wafanyabiashara thelathini na mmoja, na nina vijana wawili wa mikokoteni. Naamka saa tisa usiku. Kila furushi lina alama yake, kila alama ina mstari wake kwenye daftari: limeingia lini, limetoka lini, nani kachukua. Sifungui furushi la mtu. Sijui mle ndani mna nini, na sitaki kujua.

Kwa hiyo Baba Mdogo, hesabu yako ina kosa. Ukoo huu umeshatoa watunza stoo wawili.

Sasa tuje kwa Baba. Kwenye sauti yako nimesikia hoja tatu. Nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: stoo haihitaji akili.

Baba aliingia jeshini mwaka 1967. Mnajua wakati ule hali ilikuwaje. Wajerumani wa Magharibi walikuwa wameanza kutusaidia upande wa anga, wakaondoka mwaka 1965 kwa ugomvi wa Zanzibar na Ujerumani Mashariki. Wakaja Wakanada, na pamoja nao ndege za mizigo za Caribou na Otter. Mkataba wa Wakanada ukaisha mwaka 1970, wakaja Wachina, wakajenga uwanja wa Ngerengere na kuleta ndege za kivita. Katikati ya miaka hiyo ya sabini zikaja pia MiG-21 za Warusi.

Wengine mnaona hapo siasa za Mwalimu na msimamo wa kutofungamana. Sawa kabisa. Lakini mfikirieni mtu mmoja aliyesimama mbele ya rafu. Jana masanduku yameandikwa Kiingereza, leo yameandikwa Kichina. Jana nati zinapimwa kwa inchi, leo kwa milimita. Nati mbili ukiziweka kiganjani huoni tofauti, na moja ukiilazimisha kwenye bolti ya mwenzake itaingia mizunguko miwili mitatu, itakaza vizuri tu, na itakuja kuachia ndege ikiwa juu. Mwanasiasa akibadilisha rafiki anabadilisha hotuba. Mtunza stoo anabadilisha kichwa kizima.

Siri za jeshi Baba hakututolea hata moja. Idadi ya ndege hatukuijua, na mpaka anastaafu hatukujua ndani ya masanduku mna nini. Alichotufundisha ni kanuni, na kanuni si siri, maana ni zilezile katika kila stoo ya ndege duniani. Kipuri bila karatasi yake ni chuma chakavu, hata kama kinang'aa. Kila kifaa kikubwa kina namba yake na historia yake: kimetengenezwa lini, kimefungwa ndege gani, kimeruka saa ngapi, kimebakiza saa ngapi. Mipira ya kuzuia mafuta yasivuje ina umri. Ikizeeka kwenye rafu, huitoi hata kama haijawahi kuguswa. Kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka. Kibovu hakikai rafu moja na kizima, hata kwa dakika tano, hata kama unajijua mwenyewe kwamba unajua. Kwa sababu dakika ya sita utaitwa nje, na atakayeingia badala yako hajui.

Ukitaka kujua kama hayo yanahitaji akili, chukua kabati lako la jikoni, Baba Mdogo, uniambie bila kulifungua kuna vijiko vingapi.

Hoja ya pili: stoo si uanajeshi.

Hapa ndipo nilipozima simu.

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka mitano. Kampala ilishaanguka, tarehe 11 Aprili, na baadaye mashujaa wakaanza kurudi. Mtaani kwetu zilipigwa ngoma. Baba alikuja mapumziko kwa treni, kama kawaida, na begi lake la turubai. Watu wakakaa uani, pombe ikaletwa, na mtu mmoja akamuuliza Baba: "Wewe uliua wangapi?" Baba akajibu kwamba yeye alikuwa anahesabu. Watu wakacheka mpaka wakapigana makofi mgongoni. Baba Mdogo, na wewe ulicheka, nilikuwa nimekaa miguuni pake na nikakuona. Sikulaumu, kilikuwa kichekesho. Lakini kichekesho hicho kimekaa miaka arobaini na zaidi, na sasa kinataka kuuza kiwanja.

Vita ile mnaikumbuka kwa mizinga. Amin alivamia mwisho wa Oktoba 1978, akavunja daraja la Kyaka, na Mwalimu akatangaza kwamba sababu tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Basi jamani, huo uwezo ulikuwa nini? Ulikuwa ni malori ya watu binafsi yaliyochukuliwa kutoka kila mkoa, mabasi, mafuta, unga, viatu, daraja la muda juu ya mto Kagera, na ndege ambazo lazima ziwe na tairi na betri. Kutoka Dar es Salaam hadi Kagera ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia tatu, na barabara za wakati ule wazee mnazijua. Askari aliyefika Kampala alibebwa na watu ambao hawakufika Kampala.

Mkiona hayo ni ya zamani, njooni kwenye ya juzi, na ya hapa ninapoishi.

Afrika Kusini, ambayo nyumbani mnaiona kama Ulaya ndogo, ilinunua ndege za kivita 26 aina ya Gripen kutoka Sweden, katika ule ununuzi mkubwa wa silaha wa mwaka 1999. Ndege nzuri, na marubani wapo waliosomeshwa kwa pesa nyingi. Septemba 2021 mkataba wa matengenezo na vipuri ukafika mwisho bila mwingine kuwa tayari. Ndege zote zikakaa chini. Zote! Karibu mwaka mzima, mpaka mkataba mpya ulipopatikana mwaka 2022. Adui hakufyatua hata risasi moja. Ilikosekana sahihi kwenye karatasi ya vipuri.

Na hili linatuhusu sisi wenyewe. Mwaka 2013, pale mashariki ya Kongo, brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa, ikiwa na vijana wetu, wa Afrika Kusini na wa Malawi, iliwatoa M23 kwenye vilima. Helikopta za kivita za Afrika Kusini aina ya Rooivalk zilishiriki, Novemba mwaka ule. Baada ya hapo kampuni ya serikali inayozitengeneza, Denel, ikaanguka kwenye madeni mpaka ikashindwa kulipa mishahara kamili. Fundi asiyelipwa anaondoka, na anaondoka na ujuzi wake. Januari 2025 M23 waliporudi mpaka Goma, hapakuwa na Rooivalk ya kuwafunika askari wale. Afrika Kusini ilizika vijana 14. Malawi ilizika wake. JWTZ ilitangaza vifo vya wawili wetu. Waliobaki walikaa miezi kambini wakiwa wamezingirwa, uwanja wa ndege umefungwa, na mwishoni wakaondoka kwa barabara kupitia Rwanda mpaka Chato, kwetu, ndipo wakarudishwa makwao.

Sisemi Rooivalk tatu zingebadilisha vita. Sijui, wala mimi si jenerali. Ninachosema ni kwamba rubani wa Rooivalk hakukosekana kwa sababu vijana waliogopa. Ndege inafia stoo na karakana kabla haijafia angani. Na mtu akisema mbele yangu kwamba anayelinda stoo hiyo si mwanajeshi, namwomba aende akawaambie wazazi wa vijana wale.

Kwa upande wa pili, mfikirieni yule mama wa Msumbiji aliyejifungua juu ya mti wakati wa mafuriko ya mwaka 2000. Helikopta iliyomshusha ilikuwa ya jeshi la anga la nchi hii. Na Aprili 2022, Durban yetu ilipofurika na watu zaidi ya 400 wakafa, zilezile helikopta za Oryx zilipita juu ya vichwa vyetu. Sote tulitazama juu. Hakuna aliyemkumbuka aliyetoa chujio la mafuta kwenye rafu wiki moja kabla.

Mimi namjua mmoja. Simtaji jina. Kikosi cha helikopta kiko pale uwanja wa ndege wa zamani, kusini mwa mji, ule uliofungwa kwa abiria mwaka 2010. Huyu bwana anafanya kazi upande wa stoo. Kila alfajiri anashuka kwenye teksi moja Warwick na kupanda nyingine ya kwenda kusini, na jioni anarudi na njia ileile, anamnunulia mkewe vitunguu na watoto mahindi ya kuchemsha. Ana watoto wanne. Tulizoeana kwa sababu ya mvua, alijibanza mlangoni kwangu akaliona daftari langu. Akaliangalia kwa muda, akacheka, akasema mistari yangu imenyooka. Nikamwambia nimefundishwa na baba yangu, na Baba alikuwa kazi kama yake. Hakuuliza cheo, hakuuliza alikuwa vita gani. Aliuliza kitu kimoja: "Alikuwa analala?"

Jamani. Mwaka wa ngapi huo Baba amekwisha kufa, na ni mtu asiyemjua, wa nchi nyingine, ndiye wa kwanza kuuliza swali hilo.

Nikamwambia hapana. Alikuwa halali. Mama ni shahidi. Akija nyumbani Jumamosi, usiku utamsikia ameamka, anatembea ukumbini, anahesabu vidole. Anajiuliza kama kile alichokitoa Ijumaa ndicho kilichoandikwa. Mara moja, na hili Dada unalikumbuka, aliondoka Jumapili alfajiri bila kunywa chai, akaenda kupanda lori mpaka Ngerengere, kisha akarudi jioni ananuka vumbi. Mama akamuuliza kulikoni. Akasema: "Ilikuwa sawa." Hayo tu. Alipoteza Jumapili yake na sisi ili athibitishe kwamba hakukosea. Yule bwana wa Warwick akatikisa kichwa, akasema na yeye anafanya hivyohivyo, na mkewe analalamika vilevile.

Hoja ya tatu: stoo haikumpa chochote.

Hapa Baba Mdogo una nusu ya ukweli, na nitakupa nusu yako. Mshahara ulikuwa mdogo. Alikosa kuzaliwa kwa watoto wake watatu. Sisi tulimjua zaidi kwa mlio wa treni kuliko kwa sura. Mwaka 1984 ada yangu uliilipa wewe, kwa faida ya lori lako la mkaa, na sijasahau, na watoto wangu nimewaambia. Anayesema kazi ya heshima inatosha bila mshahara huyo hajawahi kurudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Lakini "chochote"? Lipo daftari ambalo Dada analo mpaka leo. Si la jeshi, ni la nyumbani. Kila mtoto ana ukurasa: tarehe ya chanjo, namba ya kiatu, ada iliyolipwa, ada inayodaiwa, lini aliumwa malaria na alipewa nini. Miaka ile ya foleni, sukari hakuna, sabuni hakuna, kwetu mche wa sabuni ulikatwa vipande na kila kipande kikaandikwa wiki yake. Tuliona ni ubahili. Leo mimi ni baba wa watoto watatu nchi ya watu, nina daftari hilohilo, na nimeelewa kwamba ndivyo alivyotupenda. Hakujua njia nyingine. Alikuwa mbali, basi akahesabu.

Halafu mwaka 1983, Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, mnakumbuka watu walivyotupa mali mitoni usiku. Mtaa mzima ulitetemeka. Usiku huo, Mama anasimulia, Baba alilala fofofo. Mwaka ule huenda ndio pekee aliolala kuliko majirani.

Na lipo moja ambalo hatulisemi kwenye vikao, ingawa kila mwenye mvi analijua. Kuna ndugu mmoja, simtaji, alikuwa na lori, na lori lilikuwa linakufa kwa kukosa oili na betri kama malori yote ya nchi wakati ule. Ndugu huyo alimwendea Baba. Hakumwomba aibe, alimwomba "asaidie". Baba akakataa. Wakakaa miaka miwili hawasalimiani, mpaka msiba wa Bibi ukawakutanisha. Lori lilikufa. Na mimi nilidhani jambo lile limezikwa na Baba, lakini niliposikia ile "inatosha" nikajua bado liko hai. Ndugu yangu huyo mpendwa, mzee wangu: nakuelewa. Lile lori lilikuwa linatulisha na sisi. Lakini oili ile ilikuwa ya ndege, na ndani ya ndege kulikuwa na mtoto wa mtu. Baba alichagua kupoteza kaka miaka miwili. Unafikiri haikumuuma? Iko kwenye daftari. Ukurasa wa mwisho ameandika gharama ya betri ya lori, na chini yake akiba aliyoanza kuweka ili akununulie kwa pesa yake. Hakufika hata nusu. Dada akuonyeshe.

Tukiyaacha ya kwetu, hii dharau kwa mbebaji na mtunzaji si ugonjwa wa ukoo wetu peke yake. Hapa Warwick mwaka 2009, wakijiandaa kwa Kombe la Dunia, wakubwa wa jiji walikuja na mpango wa kujenga jengo kubwa la maduka palipo Early Morning Market. Kwenye michoro kulikuwa na vioo na miti. Hapakuwa na mkokoteni hata mmoja, wala mahali pa furushi kulala. Waliona soko ni meza na uchafu. Hawakuona kwamba ni mwendo, mzigo unaotoka kwa mkulima mpaka kwenye mfuko wa abiria wa teksi. Wafanyabiashara wakagoma, polisi wakafyatua risasi za mpira, wanasheria wakaenda mahakamani, na mpango ukafa. Soko likatimiza miaka mia. Mimi mgeni nilisimama nyuma kabisa siku zile, kwa sababu za karatasi mnazozijua, lakini nilisimama.

Na watu haohao hawajanisahau. Aprili 2015, wageni tulipokuwa tunawindwa mitaani, mama mmoja muuza vichwa vya ng'ombe alikuja akaniambia niondoke, funguo nimwachie yeye. Niliporudi siku ya sita, kila furushi lilikuwa kwenye mstari wake, na kwenye daftari langu kulikuwa na mwandiko wa Kizulu wa mjukuu wake. Huo ndio utajiri wa mtunza stoo: watu wanaamini kwamba walichokiacha watakikuta. Mwaliko wa harusi haununui hicho.

Basi natoa msimamo wangu, na nauandika ili usije ukabadilishwa njiani.

Moja: sitachangia kuuza kiwanja cha Kihonda. Saini yangu inahitajika na siitoi. Sina ubaya na marubani. Kama mpwa angekuwa analilia urubani tangu utotoni, ningekesha kwenye mkokoteni kwa ajili yake. Lakini yeye hakuomba. Ninyi ndio mnaotaka picha ya shati jeupe na mabega yenye mistari ukutani. Na huku nimewaona vijana wenye leseni ya urubani ya mkopo wakitafuta kazi ya kibarua, kwa sababu leseni ni mwanzo tu, baada yake zinatakiwa saa nyingi za kuruka, na kila saa inalipiwa.

Mbili: ada ya Mabibo nalipa mimi, miaka yote. Si kwa mshahara wa afisa ugavi, kwa randi za mafurushi thelathini na moja. Mpwa, usione aibu kuipokea.

Tatu, na hii ni kwako wewe mpwa peke yako. Usiichague kazi hii kwa sababu mjomba kaandika kwa hasira. Ichague kama unaweza kuivumilia. Hakuna atakayekupigia makofi. Ukifanya vizuri, hakuna kitakachotokea, na hicho "hakuna" ndiyo kazi yako. Utakosea siku moja, na siku hiyo useme mwenyewe kabla ndege haijawashwa, hata kama bosi atakufukuza. Na ukiwa na mke na watoto, waambie mapema kwa nini huamki na kukaa tu usiku bila sababu. Baba hakutuambia, na tulidhani hatupendi.

Baba Mdogo, nimemaliza. Ukikasirika nipigie, sitazima. Ila kabla hujapiga, pita kwa Dada ulione lile daftari, ukurasa wa mwisho. Halafu tuongee.

Hapa ni saa nne usiku na saa tisa ni karibu. Mawazo yenu yaacheni hapo chini, hata matusi, mradi yawe na jina la mwenyewe. Msalimieni Mama, mwambieni nimeungama, na aendelee kuwaambia wa kanisani chochote anachotaka.

Alamsiki.